Koti la Kipimo

Mama mkwe wangu akimpenda mtu humshonea nguo. Hana njia nyingine ya kulisema jambo hilo. Mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye mume wangu, ana mashati mengi kuliko nafasi za kuyavaa. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, anayeendesha gari letu la kunyonya maji machafu, ameshonewa mpaka kifuniko cha usukani. Mimi, kwa muda wote nilioishi katika nyumba ile, nilikuwa nimeambulia aproni moja, tena yenye mfuko upande wa kushoto na hali natumia mkono wa kulia. Kwa hiyo jioni ile alipokishonea kipimo chetu koti, nilijua hata kipimo kimenipita daraja.

Kipimo ninachokisema ni cha hewa. Ni kidude cha njano kinachoenea kiganjani, na huvaliwa kifuani na mtu anayeshuka ndani ya tangi. Kikionja hewa nzuri hulia pi, kinatulia kidogo, pi tena, ili tu ujue kwamba kiko macho. Kikionja hewa mbaya hupiga ukelele kama mtoto aliyebanwa kidole na mlango, na hapo huulizi maswali, unapanda juu. Kazi yetu ni kusafisha matangi ya maji machafu yaliyo chini ya ardhi. Watu wanadhani tatizo la kazi hiyo ni harufu. Harufu unaizoea kabla ya chakula cha mchana. Tatizo ni hewa isiyonuka kitu chochote, au ile inayonuka kidogo halafu ikakufisha pua ukadhani imeondoka.

Anayeshuka ni mume wangu. Kila mtu anamwita Kobe, kwa sababu akishaingia mahali kumtoa ni shughuli, na ukimwita kwa jina haitiki mpaka amalize alichokuwa anakifanya. Shemeji anakaa kwenye gari na pampu yake. Mimi nakaa juu, mdomoni mwa tangi, na kamba ya Kobe mkononi, ncha yake ya juu ikiwa kwenye winchi, mtambo wa kuzungusha unaomvuta mtu juu. Nikiivuta mara moja namuuliza hali, naye anajibu kwa kuivuta mara moja. Nikivuta mara mbili maana yake panda. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayepiga kelele kuliko wote kuhusu usalama, niliachiwa pia kazi ya kuchaji kipimo na kuiangalia betri yake.

Biashara hii tuliirithi kwa baba mkwe. Enzi zake aliteremsha mshumaa kwa uzi kabla ya kushuka, na mshumaa ukizimika aliahirisha kazi. Siku moja mshumaa uliendelea kuwaka, akashuka, na hakupanda. Tangu hapo mama hajasogelea mfuniko wa tangi lolote. Hata wa kwetu uani anauzunguka mbali. Ni yeye aliyesimama mbele ya ukoo mzima akasema kwamba hakuna mtoto wake atakayeingia shimoni tena bila mashine. Tulipokileta kipimo nyumbani alikitengea rafu sebuleni pembeni ya cherehani yake, akatandika kitambaa, na kitako chake cha chaja kikakaa hapo kama mgeni wa heshima.

Sasa, Kobe ni mtu wa kugongesha vitu. Kipimo kilikuwa kimerudi nyumbani na mkwaruzo mpya, na tope limeingia kwenye kona za kioo, mama akalifuta kwa ncha ya sindano huku akisonya.

"Mnakitesa hiki," alisema. "Kikifa hiki, mwanangu anabaki na nini kule chini?"

"Mama, kimetengenezwa kwa ajili ya kugongwagongwa," nilimwambia.

"Na wewe je, umetengenezwa kwa ajili ya kubishana?"

Kesho yake tuliporudi kutoka kazini koti lilikuwa tayari. Nisiwe mnyimivu wa fadhila, lilikuwa kazi ya fundi. Kitambaa cha mwavuli kwa nje, flana laini kwa ndani, kidirisha cha plastiki angavu mbele ili mtu asome namba, tundu dogo juu ya mdomo wa kuvutia hewa, na chini pindo nene lililoshonwa mara mbili ili tope lisipenye. Lilikikaa kipimo barabara. Shemeji alicheka mpaka akashika meza. "Jamani, kimependeza kuliko mimi," alisema. "Kitafutieni na viatu."

Kuanzia jioni ile kipimo kikawa kinalala na koti lake. Nikifika tu nyumbani nilikichomeka kwenye kitako, nikaenda kuoga na kuangalia jikoni, na nikirudi nilikuta taa ya kijani. Taa ya kitako kile huwa nyekundu wakati betri inajaa na kijani ikishajaa, kitabu chake cha maelezo kinasema hivyo na mimi nilikisoma. Basi nikiona kijani, roho yangu inatulia. Nilimsifia hata Kobe kwamba betri ya mashine hii ni ya uhakika, inajaa upesi ajabu.

Tangi lililotutia kwenye balaa lilikuwa chini ya ua wa jengo la ghorofa, katikati ya kamba za kuanikia nguo. Lilikuwa la vyumba viwili, chumba kimoja chini ya mfuniko na kingine nyuma ya ukuta, ukiingia kwa kuinama kwenye pengo la kona. Mfuniko wa chumba cha pili ulikuwa umezikwa chini ya sakafu ya vigae ambayo mwenye jengo hakutaka iguswe. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tukunje vifaa vyetu tuondoke, lakini tulishawahi kufanya matangi ya namna hiyo, na kuzoea ndiko kunakomponza mtu.

Kabla ya Kobe kushuka tulipima kutoka juu kwa kipimo chetu cha zamani, ambacho tunakiita Ajuza. Ajuza ni mzito, ana mpira mrefu wa kuvutia hewa, na pampu yake inakoroma, lakini bado anasema kweli. Tukapitisha mpira chumba cha kwanza, hewa ikawa safi. Feni yetu ikawa inapuliza. Nikakitia kipimo cha njano kifuani kwa Kobe, nikabonyeza, kikalia pi. Namba zikaonekana vizuri kwenye kidirisha. Nikamwambia ashuke.

Kwa muda mrefu kila kitu kilikwenda kama kawaida. Shemeji ananyonya, Kobe anakwangua, mimi nimekaa kwenye ndoo niliyoipindua, kamba mkononi, sikio chini. Kobe akapiga kelele kwamba anaingia chumba cha pili. Nikamlegezea kamba ikapita kwenye lile pengo. Pampu ya gari ilikuwa inavuma, feni inavuma, na juu ghorofani kuna mtu alikuwa anapigilia msumari ukutani. Nikavuta kamba mara moja. Haikujibu.

Nikavuta tena. Kamba haikutikisika upande wa pili. Nilipoivuta kwa nguvu nikahisi imebanwa, imejikunja kwenye kona ya ukuta, kwa hiyo kile ninachokivuta mimi kinaishia kwenye zege, hakimfikii.

"Shemeji! Zima pampu!"

"Nini?"

"Zima! Na feni pia, kidogo tu, nisikilize!"

Akazima vyote viwili. Yule wa msumari naye, sijui kwa bahati au kwa kushtuka, akanyamaza. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya ua, kichwa kikaning'inia ndani ya mdomo wa tangi, nikasubiri ile pi.

Haikuja.

Nikasubiri zaidi. Nilikuwa nasikia maji yakidondoka, nasikia damu yangu mwenyewe masikioni, lakini pi haikuwapo. Kipimo kinachopiga ukelele kinatisha, ila angalau kinakwambia cha kufanya. Kipimo kilichonyamaza hakikwambii chochote, na mtu aliye chini anaweza kuuchukua ukimya ule kwamba ndiyo usalama wenyewe. Hofu iliyonishika pale sijawahi kuihisi hata siku ya uchungu wa uzazi. Nilimwona baba mkwe, mtu ambaye sikumkuta duniani, namjua kwa picha ya ukutani tu, nikamwona amelala chini mle na mshumaa wake unawaka.

"Kobe!" niliita. "Kobe! Baba watoto! Itika!"

Kimya.

"Wewe mwanaume!"

Kimya vilevile. Na ndiyo tabia yake, sikuweza kujua kama ni kimya cha mtu aliyezimia au cha mtu anayemaliza kona. Nikageuka, nikaweka mguu kwenye ngazi. Shemeji alinikamata mkanda wa suruali kwa nyuma akaniinua kama gunia.

"Niache!"

"Hushuki."

"Ni mume wangu!"

"Na kwangu ni kaka. Shemeji, ukishuka na wewe, nitawavuta wawili kwa mkono upi?"

Alikuwa anasema kweli. Sheria hiyo naijua, mimi ndiye ninayewaimbia kila asubuhi kwamba anayemfuata mwenzake shimoni bila hewa anaongeza maiti. Nilimchukia shemeji kwa kuikumbuka. Akawasha feni tena, na mimi nikatazama huku na huku kama mwendawazimu, na macho yangu yakaangukia spana kubwa ya mabomba iliyolala kando ya gari.

Nyumbani kwetu, Kobe akiwa nyuma ya nyumba na redio yake, unaweza kumwita mpaka koo likauke. Siku nyingi zilizopita niliacha kumwita. Nachukua mwiko, nagonga tako la sufuria, naye anatokea kabla sijafunua chakula. Basi nikaichukua ile spana nikaanza kuigonga ngazi ya chuma. Nikagonga kwa mdundo uleule wa sufuria, kwa nguvu zangu zote, mpaka viganja vikawaka moto. Ngazi ile imefungwa kwenye ukuta, na ukuta unapita vyumba vyote viwili. Watu wakatoka kwenye vibaraza vya ghorofa kutazama kichaa gani anagonga.

Chini kabisa, nyuma ya ukuta, nikasikia sauti ya mtu aliyekereka.

"Nini sasa?"

Sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

"Panda!"

"Bado kona moja!"

"Kobe, nakuapia, usipopanda sasa hivi nakuja kukutoa kwa hii spana!"

Nikamsikia ananung'unika, buti zake zikivuta tope. Akachelewa pale kwenye pengo, nikaendelea kugonga. Kichwa chake kikatokea chumba cha kwanza, kofia imekaa upande, na mara tu kamba ilipoachana na ile kona shemeji akaanza kuzungusha winchi bila kusubiri mtu kumwambia. Kobe alikuja juu akiwa ananing'inia na analalamika. Ameacha koleo. Ameacha taa. Kazi ilibaki kidogo tu. Nani aliyezima pampu?

Alipotua kwenye sakafu alikaa kitako, akashika paji la uso. "Kichwa kinanigonga," alisema. "Tangu muda kidogo. Nilidhani ni hiyo spana yako."

Nilimpiga kofi la bega, halafu nikamkumbatia na tope lake lote, kisha nikampiga tena. Sikuweza kuamua. Machozi yalikuwa yananitoka na kicheko kinanitoka, na wale wa vibarazani walipata sinema ya bure. Shemeji alikuwa ameinama, mikono magotini, anavuta pumzi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa chini.

Nikamchukua Ajuza. Nikafunga mpira wake kwenye ufito mrefu, nikaupitisha mpaka kwenye pengo la ukuta, ukaingia chumba cha pili. Tukasubiri akorome. Alipoionja ile hewa alipiga ukelele wa kuliamsha jengo zima, na taa zake zikawaka zote. Kule nyuma Kobe alikuwa amelichokoza tope lililokaa kimya kwa muda mrefu, nalo likawa linatoa hewa yake polepole, na feni yetu haikuwa inafika huko.

Kobe aliusikiliza ule ukelele mpaka nikauzima. Manung'uniko yote yaliisha. Alikitazama kipimo cha njano kifuani pake, ndani ya koti lake zuri, kioo cheusi ti.

"Kilikuwa kinapiga mara mbilimbili," alisema taratibu. "Nikajua ndizo pi zake tu. Halafu kikaacha. Nikasema afadhali, kimeacha kunipigia kelele."

Pi mbili za harakaharaka ni betri inayokwisha. Nilimwambia hilo mara ngapi sijui, ila ndani ya flana na mngurumo wa pampu hata mimi pengine nisingezitofautisha. Nikakivua kipimo koti, nikakaa nacho kwenye ukingo wa bomba. Alama ya betri iko kwenye kona ya juu ya kioo. Nikakirudishia koti. Kidirisha cha plastiki kilionyesha namba zote, wazi kabisa, na ile kona ya juu ilikuwa imefunikwa na mshono.

Hilo lilinieleza kwa nini sikuona. Halikunieleza kwa nini betri iliyolala kwenye taa ya kijani kila siku iishe kabla ya chakula cha mchana. Nilipata jibu nyumbani, mchana uleule. Nikakichomeka kwenye kitako na koti lake, kama kawaida. Taa ilikuwa ya kijani. Nikakichomoa. Bado kijani. Nikakivua koti, nikakichomeka kitupu, na taa ikageuka nyekundu papo hapo.

Nikalishika pindo la chini, lile nene, lililoshonwa mara mbili. Lilikuwa limekiinua kipimo juu ya vile vijino vya shaba vya kitako, kwa unene wa kitambaa tu. Kwa siku zote zile kipimo kilikuwa kimeukalia mshono. Hakikuwa kinachaji hata chembe, kilikuwa kinakula akiba yake ya zamani, na ile taa ya kijani haikumaanisha kimejaa. Ilimaanisha kitako hakioni kitu juu yake.

Mama alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwetu, anapiga mguu. Kobe aliona ninachokiona. Akanivuta mpaka kwenye korido.

"Usimwambie," alinong'ona.

"Kobe."

"Nakuomba. Ukimwambia utamuua. Tuseme limechanika, tumelitupa, yaishe."

Nitasema ukweli wangu. Kwa miaka nilikuwa natafuta jambo moja, moja tu, ambalo mama mkwe amekosea na mimi niko sahihi, lisilo na ubishi. Nilikuwa nimeshaipanga hata hotuba yake, naifanyia mazoezi nikiosha vyombo. Sasa limekuja, kubwa kuliko nilivyoomba, na sikulitaka. Ningelitoa kwa mtu yeyote aliyepita njiani. Lakini nikifikiria kumficha, naona koti la pili, zuri kuliko la kwanza, lenye pindo nene kuliko la kwanza.

"Akishona jingine je?" nilimuuliza. Nikarudi sebuleni.

"Mama," nilisema. "Naomba usimamishe cherehani kidogo."

Akasimamisha. Nilimweleza moja kwa moja, bila kuzunguka na bila kutia chumvi. Nikamwonyesha kijani, nikamwonyesha nyekundu, nikamwonyesha kona ya kioo. Nilisema pia kwamba kuangalia betri ilikuwa kazi yangu, si yake, na kwamba mimi ndiye niliyeiamini taa bila kuigusa mashine.

Hakulia. Afadhali angelia. Aliuliza swali moja.

"Alikuwa chini?"

"Alikuwa chini, mama. Na sasa yuko juu. Huyo hapo mlangoni."

Alimtazama Kobe, na Kobe, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akaenda akapiga magoti karibu na kiti cha cherehani. Mama akamshika masikio yote mawili, akamvuta kichwa, akamnusa utosini kama anavyonuswa mtoto mchanga. Alikuwa ananuka tangi tupu. Mama aliendelea kumnusa.

Kisha akachukua wembe wake wa kufumulia, akalivuta lile koti, na kwa jinsi alivyolishika nikajua anataka kulichana vipandevipande.

"Usilitupe," nilisema. Nilijishangaa mwenyewe. "Tope linazuia kweli. Na kipimo hakijakwaruzika hata kidogo tangu kilivae. Linataka tu kuachwa wazi chini, na kidirisha kifike mpaka kona."

Akanitazama kwa jicho lake la pembeni, lile ambalo likinitazama huwa natafuta pa kujificha. "Wewe unajua vijino viko wapi?"

"Najua."

"Njoo unichoree basi."

Tukakaa bega kwa bega. Nilichora kwa chaki yake ya kukatia, yeye akafumua pindo, akaacha chini wazi kabisa na kuweka kifuniko cha kubana kwa vifungo wakati wa kazi. Kidirisha alikikata upya. Tulilijaribu koti na tukarudia, kila mara akinisukuma kiwiko nikae vizuri nisimzibie mwanga. Tulipomaliza alikichomeka kipimo mwenyewe. Taa ikawa nyekundu. Akaweka kiti mbele ya rafu akaitazama kama mtu anayetazama chungu kisifurike. Baadaye ikageuka kijani, nami nikadhani atafurahi.

"Siiamini," alisema. Akakichomoa, akakichomeka tena kuona kama nyekundu inakuja. Ikaja. Ndipo akakubali kula.

Lile tangi tulirudi kulimaliza. Mwenye jengo, baada ya kusimuliwa na wapangaji wake, aliruhusu vigae vivunjwe, na mfuniko wa pili ukafunguliwa, feni ikapuliza huko siku nzima, na Ajuza akathibitisha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Asubuhi ya kazi tulipokuwa tunapakia vifaa, mama alitoka nje amefunga kitambaa cha kichwa na amevaa viatu vya kutokea.

"Unakwenda wapi, mama?" Kobe aliuliza.

"Nakwenda na nyie."

Shemeji alimfungulia mlango wa mbele wa gari, ile siti ambayo huwa ananinyima mimi.

Pale uani nilimpindulia ndoo ya pili karibu na yangu. Alisimama mbali kwanza, akaangalia ule mdomo wa tangi kama mtu anayemwangalia mbwa aliyewahi kumng'ata. Kisha akaja, hatua kwa hatua, akakaa. Kabla Kobe hajaweka mguu kwenye ngazi alimwita, akalishika koti, akainamisha kichwa kwenye kidirisha mpaka pua ikagusa, akaiangalia alama ya betri. Imejaa. Akamgonga kifuani kidogo. "Haya," alisema.

Kobe akashuka. Pi, tukasikia. Kimya kidogo. Pi.

"Ndiyo hiyo?" mama aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

Akawa anaisikiliza, midomo ikicheza, akihesabu au akiomba, sijui. Nilimwonyesha kamba. Nikamwambia mara moja ni kuuliza hali, mara mbili ni kumwambia apande. Safari hii tulikuwa tumeweka kibao cha kuiongoza kwenye ile kona isibanwe tena. Akaniomba aishike, nikampa. Chini kipimo kilikuwa kinalia vizuri, pampu ikivuma, jua limetupata mgongoni. Nilikuwa hata nimeanza kufikiria chakula.

Mama akavuta kamba mara mbili.

Ndani ya tangi kukawa na kishindo. Mume wangu, mtu ambaye kwa jina haitiki na kwa spana anajivuta, alipanda ile ngazi mbiombio, tope likiruka, kofia imelegea, akatoa kichwa juu akihema.

"Kuna nini? Kimetokea nini?"

Mama alimtazama. Alimtazama vizuri, kutoka kofia mpaka kidevu, bila haraka yoyote. Ile kamba alikuwa bado ameikamata kwa mikono yote miwili, na kwenye kifua cha mwanawe kipimo kikalia pi.

"Hakuna kitu," alisema. "Nilitaka kuona kama nikivuta, unatoka."

Kobe alinigeukia. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso ndani ya aproni yangu, ile ya mfuko wa kushoto.

"Haya, rudi," mama alimwambia. "Ukamalize kazi yako."